Swali la Kumi na Saba

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi, kwa sababu wenye nchi hawapendi itajwe, na wasio wenye nchi wanaijua tayari. Katika nchi hiyo, Rais wa Kwanza aliwahi kuuziwa mbuzi. Muuzaji alimwambia, "Mheshimiwa, mbuzi huyu tangu azaliwe hajawahi kufa hata siku moja. Kwa hiyo hafi." Rais akaona hoja ina uzito, akamchukua mbuzi. Mbuzi akafa kabla ya adhuhuri.

Mwingine angenyamaza akala nyama. Rais yule aliitisha kikao cha dharura, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna raia atakayedanganywa kwa hoja. Ndivyo ulivyoanzishwa Mtihani wa Taifa wa Hoja. Kila mwenye kazi aliufanya mara moja kila miaka mitatu: hakimu, dereva, mpishi wa shule, hata mchimba makaburi. Kila swali lilikuwa hoja fupi, tamu kusikiliza, na ndani yake imefichwa kasoro moja kama mwiba wa samaki kwenye tonge. Mtahiniwa aliyeutaja mwiba alipata alama. Aliyeumeza alikosa.

Sasa, miiba haijifichi yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Mwalimu Kitwana Mlekwa, Mtunzi Mwandamizi wa Kasoro katika Baraza la Mitihani ya Hoja. Zamani alifundisha shule ya msingi ya Kitongo, kijijini kwao, hadi Baraza liliposikia kipaji chake likamwita mjini, likampa nyumba yenye vyumba vitatu na bomba linalotoa maji kila siku. Hoja za Mwalimu Kitwana zilikuwa laini kiasi kwamba mkewe alikwisha acha kujadiliana naye. Alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, anamwambia, "Sijui umekosea wapi, lakini umekosea," kisha anafanya alivyotaka yeye.

Kulikuwa na utaratibu mmoja katika Baraza hilo ambao wageni waliustaajabia. Mwaka wa nne mtihani ulivuja. Mpishi mmoja wa ikulu alipata alama zote, na uchunguzi ukabaini kwamba mumewe alikuwa karani wa majibu. Tume ikaundwa, ikakaa, ikala, ikatoa pendekezo: hoja na kasoro yake zisilale tena chumba kimoja. Basi hoja zikawekwa Chumba cha Hoja, chini. Kasoro, kila moja kwenye kikaratasi ndani ya bahasha yake, zikawekwa Chumba cha Kasoro, ghorofa ya tatu. Mwenye ufunguo wa chini hakuruhusiwa kupanda ngazi, na mwenye ufunguo wa juu aliingia kwa mlango wa nyuma. Watunzi waliapishwa kwamba hawatazikutanisha hoja na kasoro yake kwa maandishi wala kwa mdomo. Atakayezikutanisha amevujisha mtihani, na mvujishaji anafukuzwa kazi na kutolewa nyumba ya Baraza siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeona kasoro katika utaratibu huu, pengine kwa sababu nayo ilikuwa imehifadhiwa ghorofa ya tatu.

Mwaka tunaousimulia, Mwalimu Kitwana alitunga swali la kumi na saba, akalipenda kuliko yote. Lilisema hivi: "Vijiji vyenye zahanati vina wagonjwa wengi walioandikwa. Vijiji visivyo na zahanati havina hata mgonjwa mmoja aliyeandikwa. Kwa hiyo zahanati ndizo zinazoleta magonjwa, na taifa litapona zikifungwa." Jibu sahihi lilikuwa B: mtoa hoja amedhani kwamba pasipoandikwa mgonjwa hakuna mgonjwa. Jibu la mwisho, E, lilikuwa lile lile la maswali yote: hoja haina kasoro. Wataalamu watatu walilisoma swali, wakacheka, wakatia saini. Hoja ikashuka chini, kasoro ikapanda juu.

Wakati huo huo, Waziri wa Afya na Utulivu, Mheshimiwa Bwigane, alikuwa na zahanati mia nne zisizo na dawa na hotuba moja isiyo na maneno. Akamtuma katibu wake kwenye Baraza. "Nasikia mnazo hoja," alisema katibu. "Tupeni moja ya afya, iliyokaguliwa." Baraza halikuwa na desturi ya kumnyima waziri kitu. Mwenye ufunguo wa chini akafungua, akachagua iliyo laini kuliko zote, yenye saini tatu za wataalamu. Juu hakupanda, maana hakuruhusiwa.

Mwalimu Kitwana alikuwa anakunywa chai na mihogo aliposikia redioni sauti nzito ikisema: "Ndugu wananchi, takwimu hazina chama. Takwimu hazina kabila. Vijiji vyenye zahanati vina wagonjwa wengi walioandikwa!" Muhogo ukamkwama. Waziri aliisoma hoja mpaka mwisho, neno kwa neno, na uwanja ukapiga makofi. Jambo la kwanza alilohisi Mwalimu lilikuwa fahari, kwa sababu ilisomwa vizuri. Fahari ile ilidumu kiasi cha kumaliza kikombe, na kwa maisha yake yote yaliyofuata hakuweza kujisamehe kile kikombe.

Zahanati zilifungwa kwa kufuata wingi wa wagonjwa walioandikwa, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kitongo. Nesi wa pale, Tausi Mbelwa, alikuwa anaandika kila mtu. Aliyekuja na malaria aliandikwa, aliyekuja na mwiba aliandikwa, aliyekuja kusalimia na akakohoa aliandikwa, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa mahindi. Askari walipima unene wa daftari lake, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakafunga mlango kwa kufuli daftari likiwa ndani.

Siku iliyofuata Mwalimu Kitwana alikwenda kwa Mwenyekiti wa Baraza, Bi. Pendaeli Kuzilwa, mwanamke mpole aliyevaa miwani mbili kwa mnyororo mmoja.

"Mwenyekiti, hotuba ya jana ni swali la kumi na saba."

"Niliisikia. Ilitulia."

"Lakini ina kasoro."

Bi. Kuzilwa aliinuka akafunga mlango. "Mwalimu, umetaja hoja na kasoro ndani ya chumba kimoja, na mtihani wenyewe ni Septemba. Kwa heshima yako, nimeamua sijasikia."

"Basi waziri aambiwe."

"Aambiwe nini? Kumwambia kasoro ya swali ambalo halijafanywa ni kumvujishia. Na Mheshimiwa naye ni mtahiniwa mwaka huu."

Mwalimu akafikiri. "Basi tuliondoe swali."

"Tukiliondoa wataulizana kwa nini limeondolewa. Waziri tutakuwa tumemsema." Akavua miwani moja akavaa nyingine. "Njia ya heshima ipo. Swali libaki lilivyo. Jibu liwe E."

"E ni kwamba hoja haina kasoro."

"Ndiyo maana mliiweka, si ndiyo? Iwe inatusaidia."

Mwongozo mpya wa majibu uliletwa mezani ukiwa umeshapigwa chapa. Ulihitaji saini ya mtunzi. Mwalimu Kitwana aliushika muda mrefu. Alifikiria kiapo, akafikiria ile nyumba, akafikiria bomba. Akajiambia kwamba watahiniwa wenyewe wana akili na watajua la kufanya. Alijua anajidanganya, na alijua hata jina la kasoro aliyoitumia kujidanganya, maana alikuwa ameitungia maswali sita. Akatia saini.

Septemba mtihani ukafanyika. Swali la kumi na saba likatangazwa kuwa Swali la Uzalendo, yaani mtumishi wa serikali akilikosa amekosa mtihani wote. Matokeo yalikuwa mazuri kupita miaka yote. Mheshimiwa Bwigane alifaulu. Watumishi wote walifaulu, isipokuwa mmoja. Nesi Tausi Mbelwa alikuwa amechagua B, na pembeni ya ukurasa, kwa ule mwandiko wake ulionyooka, ameandika neno moja: "Kengele."

Wasahihishaji hawakulielewa neno lile, wakamletea Mwalimu Kitwana. Yeye alilielewa. Likamchoma.

Miaka mingi nyuma, darasa la tano pale Kitongo, aliwahi kuwaambia wanafunzi: "Kila ikigongwa kengele ya uji, ninyi mna njaa. Kwa hiyo kengele ndiyo inayoleta njaa. Tukiiuza kama chuma chakavu, hamtaona njaa tena. Nani ananipinga?" Darasa zima lilikubali kengele iuzwe, na wawili wakajitolea kuibeba. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, sweta lake limefumuka mkono mmoja, ndiye aliyesimama. "Mwalimu, kengele haileti njaa," alisema. "Inaita wenye njaa." Siku hiyo Mwalimu alimpa kikombe chake mwenyewe cha uji, na yeye akashinda hivyo hivyo mpaka jioni, na hakuwahi kuona njaa tamu kama ile.

Nesi Tausi alikata rufaa. Aliruhusiwa, kwa sababu katiba ya nchi ile iliruhusu rufaa zote, na ilikuwa haijawahi kutokea ikashinda hata moja. Alifika mbele ya kamati amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, ingawa barua ya matokeo ilimnyang'anya leseni na kumkataza kuivaa.

"Sikatai kushindwa, waheshimiwa," alisema. "Naomba tu nionyeshwe nilipokosea."

"Ulikosea kwa sababu jibu ni E," alisema mkuu wa kamati.

"Kwa nini ni E?"

"Kwa sababu waliojibu E wote wamefaulu. Kama jibu lisingekuwa E, wangefaulu vipi?"

Mwalimu Kitwana, aliyekuwa ameketi benchi la mashahidi, aliitambua hoja hiyo. Ilikuwa swali la tisa la miaka mitatu iliyopita. Wajumbe waliitikia kwa vichwa, wote watatu kwa pamoja, na wote watatu walikuwa wamelipata swali hilo.

Kisha akaitwa yeye. "Mwalimu Mlekwa, wewe ndiye mtunzi. Mbele ya kamati hii, hoja ya swali la kumi na saba ina kasoro, au haina?"

Tausi alimgeukia. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni. Alimtazama kama mtu aliyefika na shahidi wake.

"Haina," alisema Mwalimu Kitwana.

Karani akaandika. Tausi aliendelea kumtazama kidogo, kisha akainamisha macho akaanza kufungua vifungo vya ile sare, kimoja kimoja, ndani alikuwa na gauni la kawaida. Akaikunja vizuri akaiweka juu ya meza ya kamati. Alipopita karibu na benchi alisema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sababu alikuwa hajamwamkia tangu afike. Mwalimu hakuweza kuitikia marahaba.

Baraza halisahau wema. Mwalimu Kitwana alipandishwa cheo akawa Mkuu wa Chumba cha Kasoro, na jukumu lake la kwanza lilikuwa kuteketeza kile kikaratasi cha zamani, chenye jibu B kwa mkono wake mwenyewe na saini tatu za wataalamu. Ulikuwa ndio ushahidi pekee uliobaki nchini kwamba hoja ile ilizaliwa na kasoro. Alifungua bahasha, akawasha kiberiti, akakizima. Watumishi wa ghorofa ya tatu walipekuliwa mifuko kila walipotoka. Akakikunja kikaratasi mara nne, akakitia ndani ya soksi, chini ya kisigino cha kulia.

Kilimuumiza tangu siku ya kwanza. Kila hatua aliihisi ile pembe ya karatasi, naye akawa anachechemea. Angeweza kukificha nyumbani, chini ya godoro au kwenye debe la mchele, lakini hakutaka. Alijiona anastahili kuumia, na zaidi ya hapo hakuwa na ujasiri wa kufanya lolote. Ofisini walimwona anachechemea, na walimwona amepanda cheo. Wiki ya pili makarani wawili wakaanza kuchechemea. Kufikia mwisho wa mwezi ghorofa nzima ilikuwa inachechemea mguu wa kulia, na katika fomu ya kuomba kupandishwa daraja ikaongezwa sehemu ya kueleza umeanza kuchechemea lini.

Sheria iliruhusu aliyeshindwa kurudia mtihani mara moja, baada ya mwaka, kwa maswali yale yale. Akifaulu, Tausi angerudishiwa leseni ya ukunga, na mwenye leseni aliruhusiwa kuzalisha hata nyumbani kwa mtu, zahanati iwepo isiwepo. Akishindwa mara ya pili, leseni imekufa, na akigusa mjamzito ni jela. Ulipokaribia mwaka, Mwalimu Kitwana alichukua likizo ya siku tatu akaenda Kitongo.

Alifikia kwa dada yake, Sikudhani, ambaye alimpokea mzigo bila kumtazama sana usoni.

"Habari za wagonjwa hapa?" aliuliza Kitwana baada ya kula.

"Wagonjwa hatuna," alisema Sikudhani. "Si redio imesema? Kitongo sifuri. Tuna marehemu tu. Watatu tangu mfunge. Wa mwisho mke wa Hozza, pamoja na mtoto tumboni."

"Tangu wafunge," alisema Kitwana.

Dada yake akamtazama. Hakusahihisha.

Asubuhi alimkuta Tausi shambani, anapalilia maharage. Aliamkiwa, na safari hii aliitikia. Akaeleza alichojia kwa hoja zake laini, moja baada ya nyingine. Swali ni alama tu kwenye karatasi. Wino wa E na wino wa B ni ule ule. Akijibu E mara moja, atazalisha wanawake miaka thelathini. Mke wa Hozza angekuwa hai.

Tausi alisimamisha jembe akasikiliza mpaka mwisho. "Nimewaza hayo yote, Mwalimu," alisema. "Nalala nayo. Lakini hebu nisaidie. Miaka kumi na moja nimeandika majina ya watu hapa. Nikijibu E, nimekubali kwamba mimi ndiye niliyewaumiza, kwa kuwaandika. Mama akija kwangu na uchungu, nitamwandika tena au nitamwacha?"

"Utamwandika. Si E ya moyoni."

"Na wewe, ile 'haina' yako ilikuwa ya moyoni?"

Mwalimu Kitwana alitazama maharage. Angeweza kumwambia kuhusu kile kikaratasi. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno ukarudi.

"Mbona unachechemea?" aliuliza Tausi. "Vua kiatu nikuangalie."

"Ni kitu kidogo tu."

"Wahenga wanasema mficha maradhi kilio kitamuumbua," alisema Tausi, akainama tena kupalilia.

Karatasi za waliorudia zilisahihishwa na Mkuu wa Chumba cha Kasoro mwenyewe, kwa sababu zilikuwa chache. Ya Tausi ilikuwa ya mwisho. Mwalimu Kitwana alianza swali la kwanza, akaweka alama ya vyema. La pili, vyema. Maswali kumi na sita yote yalikuwa vyema, naye akaanza kutumaini. Alimwomba Mungu awe amejibu E. Aliomba kwa dhati mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha awe amekosea, ili yeye alale usingizi. Akafunua ukurasa.

B. Na pembeni, kwa mwandiko ulionyooka: "Kengele."

Kwa utaratibu, msahihishaji aliyetaka kuupinga mwongozo alitakiwa aambatanishe ushahidi wa maandishi. Ushahidi alikuwa nao. Alikuwa ameukanyaga mwaka mzima. Akajiambia: leo. Wanifukuze. Bomba walichukue. Akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akakitoa kile kikaratasi, akakikunjua taratibu mezani juu ya karatasi ya Tausi. Kwa mara ya kwanza tangu zitenganishwe, hoja ile na kasoro yake zilikuwa zimekutana.

Kikaratasi kilikuwa cheupe. Jasho la mwaka mzima lilikuwa limekula wino wote, jibu, maelezo na zile saini tatu. Alikiinua dirishani, akakigeuza. Pembeni palionekana kivuli cha buluu ambacho kingeweza kuwa herufi yoyote.

Mdomo alikuwa nao bado. Jasho halikufuta mdomo, naye alijua hivyo vizuri kabisa. Lakini mdomo ule ulikwisha toa ushahidi, na ushahidi wake uliandikwa, ukapigwa mhuri, ukahifadhiwa chini. Alisikia nje makarani wakipita ukumbini wakichechemea kwenda kula.

Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya mkasi kwenye swali la kumi na saba, mkasi mdogo, nadhifu, kana kwamba udogo ungesaidia. Akajumlisha, akaandika matokeo, akatia saini. Kile kikaratasi cheupe akakitupa kwenye kapu.

Kisha akavaa soksi tupu, akavaa kiatu, akafunga kamba, akainuka kwenda nyumbani. Alikuwa bado anachechemea.